Tao kwenye Lango la Gesche Tammen

Kila asubuhi saa moja Gesche Tammen alifungua mlango wa kitalu cha vioo alichoachiwa na baba yake, akaingia, akafanya kazi saa mbili nzima katika nyumba isiyokuwa na hata mmea mmoja. Alifagia. Alifuta vioo. Alifungua madirisha ya juu ili hewa ipite, kisha akayafunga ili hewa isipite. Watu wa kijiji cha Middelsfehn walimwona walipopita na baiskeli zao kando ya mfereji, wakampungia mkono, wakaendelea na safari. Hawakumcheka. Au tuseme, walisubiri wavuke daraja kwanza.

Mzee Berend Tammen alikuwa ameotesha saiklameni humo kwa miaka hamsini, yale maua ya waridi na meupe ambayo petali zake zimekunjwa kwenda nyuma kama nywele za mtu aliyesimama kwenye upepo. Halafu maduka makubwa yakaanza kuyauza kwa bei ya mkate, mzee akafa, na binti yake akabaki na vioo elfu moja na mia mbili na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji. Alikuwa na miaka sitini na moja. Hakuolewa, hakuwa na mtoto, wala hakuwa na hobi yoyote. Alikuwa na kitalu.

Kisha barua ikaja kutoka idara ya ujenzi ya wilaya. Kitalu kile, ilisema barua, kimejengwa nje ya mpaka wa makazi, na nje ya mpaka wa makazi jengo la namna hiyo linaruhusiwa kwa kilimo tu. Kwa kuwa hakilimwi, kibomolewe ifikapo mwisho wa mwezi wa tisa mwaka ujao. Gesche aliisoma akiwa amesimama, akaketi, akaisoma tena. Hakulia. Alichukua kitambaa akaenda kufuta vioo.

Aliyemletea wokovu alikuwa Swantje Poppen, muuguzi wa zamu katika hospitali ya mjini, mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Sheria mpya ya Ujerumani ilikuwa imeruhusu watu wajiunge chama na kujilimia bangi yao wenyewe, bila kuuza. Swantje alikuwa na wanachama sitini, ila hakuwa na mahali pa kulimia, na hakuna kati yao aliyewahi kukuza kitu kikubwa kuliko kitunguu cha kwenye kopo.

"Wewe unajua mwanga, unajua maji, unajua ukungu," alisema. "Sisi tunajua kuvuta tu."

"Mimi hata moshi wa mshumaa unanikohoza," Gesche akajibu.

"Vizuri sana! Basi hutatuibia."

Gesche alicheka, akakubali, na kuanzia siku hiyo akaingia katika dunia ya ofisi. Alianza na afisa wa ujenzi, ambaye alimweleza kwa upole kwamba kwa mujibu wa waraka, kulima bangi si kilimo.

"Ni mmea," Gesche alisema. "Nautia mbolea, naumwagilia, unaota, nauvuna. Hiyo ni nini basi?"

"Ni matumizi mengine."

"Kwa hiyo mnanibomolea kwa sababu silimi, na nikilima mnasema silimi."

Afisa alifikiri kidogo. "Unaweza kuomba mabadiliko ya matumizi," alisema, akamsukumia fomu yenye kurasa kumi na nne.

Aliijaza. Akajaza na nyingine ya uzio, na nyingine ya kufuli, na nyingine ya kuahidi kwamba vioo vyote vitapakwa chokaa ili mpita njia asione jani hata moja. Vioo elfu moja na mia mbili alivyokuwa amevifuta kila siku ya Mungu, sasa alipaswa kuvichafua kwa amri ya serikali. Alivipaka mwenyewe, kwa brashi, akiimba.

Kilichotaka kumshinda kilikuwa bembea. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya kituo cha zimamoto, kulikuwa na uwanja wa kuchezea watoto wenye bembea moja na mtelezo ulioota kutu. Mtoto wa mwisho kuutumia sasa alikuwa dereva wa lori. Lakini kwenye ramani ya wilaya uwanja ulikuwa hai, na sheria ilitaka mita mia mbili kutoka mlango wa uwanja hadi uzio wa chama. Mpimaji akaja, akapima, akapata mia moja tisini na moja.

Gesche hakulala siku mbili. Siku ya tatu akachukua koleo, akang'oa uzio wa mbele kwa mikono yake na kuurudisha nyuma mita kumi. Lango la zamani la barabarani, ambalo baba yake alilipaka rangi ya kijani kila mwaka, likabaki nje likiwa halifungui kitu. Lango jipya akaliweka upande wa nyuma, kwenye kijia chembamba, na hapo ndipo alipomkanyaga Habbo Ubben mkia.

Habbo alikuwa na miaka sabini na minne, na kwa miaka thelathini na minane ya kazi yake alikuwa akifungua na kufunga malango ya mfereji ili mashua zipite. Alikuwa na nyonga mbovu, mke mwerevu aitwaye Hilke, na dirisha la jikoni. Katika dirisha hilo alikuwa ameangalia nyasi na ng'ombe maisha yake yote. Sasa alikuwa anaangalia lango la chuma lenye kufuli tatu, hatua kumi na mbili kutoka kwenye kikombe chake cha chai.

Siku baraza la kijiji lilipokutana katika ukumbi wa zimamoto kupigia kura mpango wa Gesche, Habbo alisimama bila kuombwa.

"Mimi kazi yangu ilikuwa malango," alisema. "Nimeona malango ya kila aina. Sijawahi kuona lango linalohamishwa kwa sababu linaogopa bembea."

Ukumbi ukaangua kicheko. Gesche akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Chekeni tu, si dirisha lenu," Habbo aliendelea. "Sitaki. Andikeni hivyo hivyo: Ubben hataki."

Wakaandika. Kisha wakapiga kura, nane kwa tano, na Gesche akashinda. Siku iliyofuata Habbo alipita na baiskeli, na alipomfikia Gesche akageuza uso kuangalia mfereji, kama vile siku hiyo maji yamebadilika rangi. Gesche alikuwa amemfahamu mtu huyu tangu anatambaa. Ilimuuma kuliko kurasa zote za fomu.

Kilibaki kibali kimoja tu, kile cha mamlaka ya jimbo, na mkaguzi wake angekuja Alhamisi saa nne asubuhi. Kwa siku mbili kabla ya hapo, Gesche alitakiwa awe mjini kwenye mafunzo ya kuwalinda vijana na bangi. Alikaa darasani na watu wenye hereni za puani, akaandika kila kitu kwa penseli, akafaulu mtihani kuliko wote. Alhamisi asubuhi akarudi kwa treni ya kwanza, amekumbatia cheti chake, roho imetulia.

Swantje alimpokea kituoni akiwa mweupe kama chokaa ya kitalu.

"Usiulize," alisema. "Njoo uone."

Sasa, katika kona hii ya Frisia ya Mashariki mtu hapatwi na jambo kubwa bila majirani kulitambua kwa tao. Umetimiza miaka hamsini, umeoa, umehamia nyumba mpya: wanakuja ukiwa hupo, wanakutundikia juu ya mlango tao la matawi ya msonobari lililofungwa maua ya karatasi, na katikati wanaweka alama ya jambo lenyewe. Anayeongoza kazi ni jirani wa kwanza, yaani yule ambaye mlango wake unatazamana na lango lako. Hachaguliwi wala hakatai. Awe anakupenda au la, tao ni wajibu wake.

Na baraza lilikuwa limesema ndiyo. Kwa watu wa Middelsfehn, baraza la Middelsfehn likishasema ndiyo mambo yamekwisha. Hakuna aliyewahi kuwaza kwamba juu ya baraza kuna ofisi nyingine. Kwa hiyo Gesche alipokuwa mjini akijifunza kuwalinda vijana, Habbo Ubben, aliyefanywa jirani wa kwanza na lango lile lile alilolichukia, alivaa ovaroli, akaita watu, akatimiza wajibu wake.

Lilikuwa tao zuri kuliko yote yaliyowahi kutundikwa kijijini. Msonobari ulikuwa mbichi na mnene, nyaya hazikuonekana. Na badala ya maua ya waridi, Hilke alikuwa ameazima kitabu maktaba, akakata kwa karatasi ya kijani inayong'aa majani arobaini na matatu ya bangi, kila moja na vidole vyake saba, likiwamo moja katikati lenye ukubwa wa sinia.

Lilionekana toka darajani.

"Matangazo yamekatazwa," Swantje alinong'ona. "Ya aina yoyote, popote panapoonekana. Kifungu cha sita. Nipe mkasi."

"Usiguse!"

"Gesche, ni karatasi!"

"Wewe umezaliwa mjini," Gesche alisema. "Mwenye tao haligusi. Walioliweka ndio wanaolishusha, baada ya wiki mbili, na unawalisha na kuwanywesha. Ukilikata mwenyewe umewaambia majirani huna haja nao. Kuna mtu alilikata lake mwaka themanini na tatu. Hadi leo anaitwa Mkasi, na alikufa miaka kumi iliyopita."

Wakati huo gari dogo la kijivu likasimama kwenye kijia. Akashuka mwanamume mrefu mwenye mkoba na koti la mvua, ingawa jua lilikuwa linawaka. Alikuwa Bwana Wiebrecht, mkaguzi wa jimbo, na kama watu wote wa aina yake alikuwa amewahi. Alitazama juu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

"Habari za asubuhi, Bi Tammen. Hiki ni nini?"

"Tao."

"Naona ni tao. Hayo yaliyomo ni nini?"

"Majirani," Gesche akasema. Ndilo neno lililomtoka.

"Majirani hawamo kwenye kifungu," alisema Bwana Wiebrecht, ila hakulisema kwa ubaya. Aliangalia saa yake. "Ukaguzi wangu unaanza saa nne kamili. Sasa ni saa tatu na dakika thelathini na mbili. Mimi kabla ya saa nne sipo kazini, nimekaa garini nakula mkate wangu. Saa nne nitafungua faili, na nitakachokiona ndicho nitakachoandika."

Akarudi garini, akafungua kweli mkate wake.

Gesche alipiga moyo konde, akazivuka zile hatua kumi na mbili, akagonga mlango wa Ubben. Alimkuta Habbo mezani dirishani, buli la chai mbele yake.

"Moin," Habbo alitoa salamu ya huko bila kugeuka. "Kaa."

"Habbo, nina haraka, mkaguzi..."

"Kaa."

Akakaa. Hilke akaweka kikombe, akatia bonge la sukari, akamimina chai ya moto, sukari ikapasuka kwa mlio, akadondosha tone la malai ukingoni. Na hapa ndipo Gesche alipojua kwamba ameingia mtegoni, kwa sababu chai ya nyumba za huku ni vikombe vitatu. Kabla ya cha tatu huondoki, wala huombi kitu, hasa ukiomba kwa mtu mliyenuniana naye. Alikunywa cha kwanza kikamuunguza ulimi. Cha pili hakukisikia kabisa. Juu ya friji saa ya ukutani ilikuwa inapiga kelele kuliko kawaida ya saa. Alipomaliza cha tatu, saa tatu na dakika arobaini na sita, akatia kijiko kikombeni kuonyesha ametosheka, akasema yote kwa pumzi moja: kifungu, mkaguzi, saa nne.

Hilke alijishika mdomo. "Majani yangu!"

Habbo aliangalia lango, akaangalia tao.

"Kwa hiyo nikikaa hapa hapa nilipo," alisema polepole, "kibali hupati."

"Sipati."

"Na kitalu wanabomoa."

"Mwezi wa tisa."

"Na hilo lango linaondoka dirishani kwangu."

Gesche angeweza kusema mengi, lakini yote yalikuwa uongo. "Linaondoka," alisema. "Utaona ng'ombe tena."

"Habbo!" Hilke akaita kwa ukali.

"Nyamaza kidogo, mama. Nataka kuuliza kitu." Akamgeukia Gesche kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano. "Umeliangalia vizuri lakini? Siku mbili tumefanya kazi. Mimi na hii nyonga nimepanda ngazi mara tisa. Umekuja hapa unataka lishushwe, hata kusema ni zuri hujasema."

Gesche aliangalia dirishani. Kutoka pale mezani tao lilikuwa limekaa sawasawa katikati ya fremu, kijani na jipya, jua limelipiga. Akakumbuka kwamba katika miaka sitini na moja alikuwa ameshiriki kufunga matao ya watu wasiohesabika, ya harusi, ya jubilei, ya nyumba mpya, na yeye hili lilikuwa la kwanza kufungiwa.

"Ni zuri," alisema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Ni zuri sana, Habbo."

"Haya basi." Habbo akainuka akiguna, mkono kwenye nyonga. "Mimi lango silitaki, na baraza wameandika. Lakini tao langu halitaandikwa kwenye faili la mtu kama kosa. Hilke, ngazi."

Saa tatu na dakika hamsini na moja walikuwa chini ya lango. Swantje alishika mguu mmoja wa ngazi. Mguu wa pili ulikuwa unazama kwenye udongo laini wa kijia, na Habbo alipofika ngazi ya nne, yote ikayumba. Mlango wa gari la kijivu ukafunguka.

"Hairuhusiwi!" Bwana Wiebrecht alikuja mbio na mkate mkononi. "Ngazi ya urefu huu lazima ishikwe na watu wawili!" Akauweka mkate mdomoni, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaikaza hasa.

"Waya wa kushoto kwanza," Habbo aliamuru kutoka juu. "Wewe mrefu, pokea hapo. Polepole, usikunje hayo majani! Mke wangu ameyakata kwa mkono!"

Mkaguzi wa jimbo akapokea tao la bangi mikononi mwake, akalibeba taratibu hadi jikoni kwa Ubben, akalilaza mezani. Alipotoka alikuwa na sindano za msonobari kwenye koti. Akazipangusa, akatazama saa, akangoja sekunde kadhaa, akafungua faili.

"Saa nne kamili. Lango: hakuna alama yoyote," alisoma kwa sauti akiandika. "Tuingie."

Alikagua saa mbili. Alitikisa uzio, akajaribu kufuli, akapita nje na ndani ya vioo vyote, akapima mwenyewe hadi kwenye bembea na kupata mita mia mbili na moja. Cheti cha mafunzo alikisoma pande zote mbili. Mwishoni akasema atapeleka taarifa, na kwamba yeye si mtu wa kutoa ahadi.

"Vizuri, sasa njoo unywe," Hilke alimwambia kutoka dirishani.

"Samahani mama, niko kazini."

"Umeshika ngazi. Aliyeshusha tao anakunywa. Hata sisi tuna vifungu vyetu."

Akaingia. Akagusisha midomo kwenye pombe kali ya nafaka, akakohoa, akaketi kwenye chai. Mtu wa kutoka mbali, hakujua habari ya kijiko; kila alipomaliza kikombe na kushukuru, Hilke alimmiminia kingine, na yeye kwa adabu akakinywa. Alifika cha saba, jasho likimtoka, Habbo akihesabu kwa vidole chini ya meza na kumkonyeza Gesche. Ndipo Hilke akamwonea huruma, akatia mwenyewe kijiko kwenye kikombe cha mgeni.

Bahasha ilikuja baada ya wiki tano. Gesche aliifungua mlangoni na mikono yenye udongo, Hilke akimwangalia kutoka dirishani. Kibali kilikuwa na mihuri miwili na masharti ishirini na tatu, na la kumi na tisa lilikuwa limepigiwa mstari kwa kalamu: hakuna tangazo. Alipanda baiskeli akaenda mjini kumwonyesha Swantje zamuni, na Swantje akapiga yowe lililomleta daktari mbio.

Alirudi jioni jua likiwa bado juu. Alipovuka daraja aliona kitu cha kijani juu ya lango. Akakanyaga pedali kama msichana.

Lilikuwa tao jipya. Safari hii hapakuwa na jani hata moja la bangi. Msonobari wote ulikuwa umejaa saiklameni za karatasi, za waridi na nyeupe, na kila ua lilikuwa na petali zilizokunjwa kwenda nyuma, vile vile kabisa, kama za mzee Berend. Majirani kumi na tano walikuwa wamesimama kwenye kijia wakijifanya wanapita tu. Habbo alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya njia, mguu mbovu kaunyoosha.

"Kifungu cha sita nimekisoma," alisema. "Maua ambayo mama yangu alikuwa akinunua kwa baba yako kila Krismasi hayamo. Nimetafuta."

Gesche aliinua mkono kugusa ua la karibu, jeupe.

"Wewe! Toa mkono hapo!" Habbo akafoka, na kijia kizima kikacheka. "Tutalishusha sisi, baada ya wiki mbili. Wewe chemsha chai."